Nusu ya Maneno ya Baba

Ikungi,
9 Aprili 2024

Mdogo wangu Loyce,

Barua hii nimempa konda wa basi la Manyoni mkononi, na nimemwonyesha picha yako kwenye simu ili asikosee mtu. Alicheka, akaandika kwenye kiganja chake: "Si umtumie meseji tu?" Nilitikisa kichwa. Meseji ni ya kuuliza umefika au hujafika. Jambo la moyo linataka karatasi.

Jambo lenyewe unalijua, ulikuwepo. Lakini niache nilirudie, maana kila nikilirudia linanipa raha. Jumatatu ya Pasaka nilimpeleka Damari nyumbani Mungaa. Binti wa Iguguno, fundi cherehani, kiziwi kama mimi, niliyecheza naye uwanjani shule ya viziwi tukiwa bado tunapoteza meno. Aliingia uani kwetu, akapiga magoti kumwamkia Baba, na Baba akatabasamu kabla hajajua kwamba anatabasamu. Niliona. Sisi tusiosikia kazi yetu ni kuangalia.

Kisha Baba akaongea kirefu. Midomo ikaenda, ikaenda, mkono ukagonga goti. Wewe ukatulia kidogo, halafu ukatuambia kwa mikono: "Baba anasema binti ni mzuri. Anasema subirini." Maneno mengi ya Baba, alama chache zako. Nikajua mzee ameingiza habari zake za mvua na ng'ombe, wewe ukatupatia punje ukaacha pumba.

Damari anakushukuru. Anasema hajawahi kuingia nyumba ya watu akatoka ameelewa kilichosemwa. Sisi tumekulia kwenye vikao vya "baadaye nitakueleza." Watu wanacheka, unamgusa mtu bega, anakwambia baadaye. Baadaye hiyo haiji. Pasaka hii ilikuja. Unakumbuka majirani walivyokuwa wanamuuliza Mama, "Loyce anasomea ishara chuo kikuu, ataajiriwa na nani?" Basi mimi jibu nimelipata.

Nafikiri Baba anataka tuvune alizeti kwanza. Nimeanza kuchonga kitanda hapa karakana, kwa mninga mtupu, sichanganyi na mbao nyingine. Wateja wakiuliza kinauzwaje nawaambia hakiuzwi.

Utarajali unaendaje? Nieleze yote, usinifiche.

Kaka yako,
Mathayo


Manyoni,
21 Aprili 2024

Kaka Mathayo,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya mbao, na nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa kwa sababu mimi hapa sina kiti.

Umesema nikueleze yote. Siku ya kwanza mganga mfawidhi alisoma barua yangu ya utambulisho, akasoma tena, akaniuliza, "Kwa hiyo wewe ni muuguzi?" Nikasema hapana. "Mtu wa maabara?" Hapana. "Sasa utakuwa unafanya nini?" Nikamwambia nimesoma shahada ya masomo ya viziwi, mimi ni mkalimani wa lugha ya alama, mgonjwa kiziwi akija nitakuwa mdomo wake na sikio lake. Akafikiri, kisha akanipeleka masjala kupanga mafaili. Anakuja kiziwi mmoja, halafu zinapita siku nyingi bila mwingine. Si kwamba hawapo, Kaka. Wamezoea kuugulia nyumbani kuliko kuja mahali ambapo hawaelewani na mtu.

Wenzangu tuliomaliza pamoja wamekata tamaa. Happiness, yule mrefu aliyekuja nyumbani siku ya mahafali, anauza vitambaa pale Singida mjini. Anasema chuo kilitufundisha historia ya viziwi wa nchi za mbali, lakini hakikutufundisha namna ya kumweleza mwajiri sisi ni nani. Anasema mikono yake inaanza kusahau. Mimi nabishana naye, lakini nikikaa na mafaili yangu naona ana haki.

Ila wiki jana lilitokea jambo. Alikuja mama mmoja kiziwi, mjamzito. Muuguzi alimpima, akanigeukia akaniambia, "Mtoto amekaa vibaya. Usimwambie, atapata presha bure. Mwambie tu arudi Jumatatu." Nikamjibu kwa heshima, "Dada, mimi nikisikia, na yeye lazima asikie. Ndiyo kazi niliyosomea." Nikamkalimania yule mama kila neno, hata lile la "usimwambie." Alilia kidogo. Halafu akafuta macho akaanza kuuliza: amekaaje, anaweza kugeuka, nikipata uchungu njiani nifanyeje. Muuguzi mwenyewe aliishia kuvuta kiti akakaa. Siku ile nilijua shahada yangu si karatasi ya ukutani.

Kuhusu Baba, usiwe na haraka. Mzee ni mzee.

Msalimie sana wifi yangu.

Mdogo wako,
Loyce


Ikungi,
26 Mei 2024

Loyce mdogo wangu,

Usishangae kutoniona hewani. Simu imetumbukia kwenye ndoo ya vanishi. Sasa inang'aa vizuri lakini haiwaki.

Habari ya yule mama nilimsimulia Damari, naye akawasimulia viziwi wenzetu siku ya mnada. Sasa una jina la alama hapa Ikungi, hujui tu. Wanakuita "asiyekata": vidole viwili vya mkasi, halafu mkono unakataa. Nilijivuna mpaka nikaona aibu.

Alizeti Mungaa imeshapigwa, Mama amenitumia salamu na gunia la kupeleka kukamua. Kitanda kimekamilika, bado msasa wa mwisho. Mama yake Damari anauliza kwa nini kwetu hawaji kujitambulisha. Damari amemjibu kwamba mzee wetu alisema tusubiri, na kusubiri kwenyewe kumekwisha. Jumapili ijayo nakwenda kumwambia Baba sasa tuko tayari.

Mbona barua zako zimekuwa adimu?

Mathayo


Manyoni,
31 Mei 2024

Kaka,

Nakuomba usiende Mungaa Jumapili. Subiri nije nyumbani kwanza, nitaomba ruhusa. Kuna maneno ya Pasaka nataka tuyazungumze mimi na wewe, uso kwa uso.

Basi la leo limeshaondoka, nimempa dereva wa lori la chumvi. Mungu aifikishe.

Loyce


Ikungi,
4 Juni 2024

Loyce,

Barua yako ya lori imefika leo Jumanne. Mimi Mungaa nilikwenda Jumapili.

Nimeichana karatasi ya kwanza na ya pili. Hii ndiyo nitakayotuma, iwe mbaya iwe nzuri.

Nilimkuta Baba anakaza kamba ya zizi. Nikamwonyesha: alizeti imekwisha, kitanda tayari, twende Iguguno. Unajua mimi na Baba tuna ishara zetu za nyumbani, za ng'ombe, maji, njoo ule. Hazitoshi kwa mambo makubwa, ndiyo maana siku zote tulikuhitaji wewe. Aliniangalia kama mtu aliyeamshwa. Akaacha kamba. Akagusa sikio langu, akaliziba kwa kiganja. Akaonyesha upande wa Iguguno, akaziba sikio lake mwenyewe: Damari. Akavileta vidole viwili pamoja, nyumba moja. Akapakata mtoto mikononi, akamlaza. Akakunja uso kama mtoto anayelia. Kisha akafungua mikono yote miwili, akaniangalia, akaiacha hivyo hivyo hewani. Nani?

Nilielewa, Loyce. Baba hajasoma lugha ya alama, na nilielewa yote.

Halafu akaonyesha kile kigoda ulichokalia Pasaka, akanyoosha kidole mdomoni kwake. Kwamba yeye alishasema. Siku ile ile, mbele ya kila mtu, alishasema.

Nimerudi Ikungi bila kula chakula cha Mama. Damari ameniuliza Baba amesemaje. Nimemwambia baadaye nitakueleza. Mimi! Nimemwambia Damari neno lile!

Yule mama wa Manyoni ulimpa kila neno, hata lililokuwa baya, kwa sababu ni haki yake. Mgeni ulimpa zima. Ndugu yako ukampa nusu. Kwa nini? Ulidhani nitavunjika? Nimekuwa kiziwi tangu sijajua kusema, nimeshasemwa kila aina ya neno nikiwa nimegeuziwa mgongo. Wewe ndiye uliyekuwa mbele yangu.

Mathayo


Manyoni,
12 Juni 2024

Kaka yangu,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Nimekaa na barua yako siku nyingi nikitafuta kujitetea. Nilipata utetezi mmoja: kila nilichowaambia, Baba alikisema kweli. Nikauangalia, nikaona ndio ubaya wenyewe. Nilichukua maneno yake ya kweli nikayatumia kuwadanganya.

Sasa pokea yote. Alisema hivi: "Binti ni mzuri, ana adabu, sina neno juu yake. Lakini viziwi wawili nyumba moja, mtoto wao akilia usiku, nani atasikia? Hapo mimi naogopa, sioni njia. Subirini kwanza." Ni hayo. Hakuna mvua wala ng'ombe.

Nilimwona Damari amekaa vizuri, amefunga kitenge kipya, macho yake yako kwenye mikono yangu kama mtu anayengoja maji. Mikono ikagoma. Nikajiambia nitakueleza wewe baadaye, taratibu. Unaona? Neno lile lile.

Chuoni mwalimu wetu wa maadili ya ukalimani alituambia mwaka wa kwanza: usimkalimanie ndugu yako jambo linalowahusu nyote, kwa maana moyo utakwenda mbele ya mikono. Niliandika jibu hilo kwenye mtihani na nikapata alama ya juu darasa zima. Nilidhani nimelijua. Kumbe nilikuwa nimelikariri.

Najua hutaki nikalimani tena, na mimi sitaki. Nimezungumza na Happiness. Yeye Baba amemwona siku ile moja tu ya mahafali, na wewe hakufahamu vizuri, hana anayemwonea huruma pale. Ukikubali, atakuja Mungaa. Mimi nitabaki Manyoni. Nikiwepo mtaniangalia mimi, na mimi nitaingilia, najijua.

Mwombe Damari msamaha kwa niaba yangu. Au usimwombe, nitamwomba mwenyewe.

Asiyestahili lile jina la mkasi,
Loyce


Mungaa,
16 Juni 2024

Kwa binti yangu mpendwa Loyce,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo, ila mama yako miguu inamsumbua na mbuzi mweupe amezaa pacha. Ninachokuandikia ni hiki.

Kaka yako alikuja Jumapili moja, tukaelewana vibaya, akaondoka bila kula. Mama yako alimfunikia ugali mpaka ukapoa. Tangu hapo hajaja na mimi sina namna ya kumpigia simu mtoto asiyesikia. Nimetafakari nikaona labda jambo liko kwako. Siku ya Pasaka ulimwambia nini?

Maana mimi nilimuuliza swali, Loyce. Niliuliza, mtoto akilia nani atasikia. Nikakaa nangoja anijibu. Wewe ukafanya mikono kidogo, naye akacheka, binti akacheka, wakanishukuru wakaenda kunywa chai. Nikasema moyoni, huyu kijana namuuliza jambo la uhai wa mjukuu wangu, yeye anacheka. Nikangoja wiki kwa wiki aje na jibu. Akaja kuniambia kitanda kiko tayari.

Mimi sikumkataa yule binti. Mtu anayeuliza hajakataa. Ningekataa nisingeuliza. Ninaogopa tu, na mimi ni mtu mzima, nikiogopa nauliza.

Nijibu upesi.

Baba yako,
Gervas


Manyoni,
20 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimepiga magoti, na si kwa mfano, chumba hiki hakina meza.

Swali lako halikufika. Nililizuia mimi. Niliwaambia umesema binti ni mzuri na wasubiri, basi. Walicheka kwa sababu walisikia sifa peke yake. Kaka hakukudharau, Baba. Alikuwa anasubiri alizeti, na wewe ulikuwa unasubiri jibu, na katikati nilikuwa nimesimama mimi mwenye shahada.

Mimi nililisikia swali lako nikalidhani ni kukataa. Hata sikufikiri kwamba linaweza kujibiwa.

Nakuomba uliulize tena, kama ulivyoliuliza. Atakuja rafiki yangu Happiness awakalimanie. Usipunguze neno kwa kumwonea haya, na yeye hatapunguza.

Nisamehe Baba. Mpe Mama pole ya miguu.

Binti yako,
Loyce


Ikungi,
9 Julai 2024

Mdogo wangu Loyce,

Nilikuwa nimepanga kukaa na hasira mpaka mwezi uishe. Imeisha kabla ya mwezi. Nakuandikia kabla sijala.

Jumapili tulikwenda Mungaa: mimi, Damari na Happiness wako. Njiani nilimweleza Damari yote ya Pasaka. Hakukasirika kama nilivyodhani. Alisema, "Kumbe baba yako aliniuliza kitu. Na mimi nikacheka. Ataniona mjinga." Hilo ndilo lililomuuma. Akakunja mikono mapajani mpaka tulipofika.

Happiness ni hatari. Anakalimani kila kitu. Mama alimnong'oneza Baba afunge kifungo cha shati, nikakipata. Baba akamjibu kwamba kifungo hakipo, nikakipata. Jogoo amewika nyuma ya nyumba, nikampata na jogoo. Damari alikuwa anacheka mpaka Baba akauliza kuna nini, Happiness akamweleza, naye Baba akacheka, akaficha kifua kwa mkono. Nimeishi nyumba ile miaka thelathini na sijawahi kujua kwamba wazazi wangu wanabishana kuhusu vifungo.

Kisha Baba akauliza. Akauliza kama ulivyoniandikia, bila kupunguza. Alikuwa ananiangalia mimi, siyo Happiness. Sijui nani alimwambia afanye hivyo.

Nilinyanyua mikono kujibu, Damari akanishika. Akajibu yeye. Akasema: "Baba, dada yangu alipofariki aliniachia mtoto mchanga. Nimemlea mimi. Nilikuwa namlaza juu ya mkono wangu. Mtoto halii kwa sauti peke yake. Analia kwa mwili mzima. Tumbo linakaza, miguu inapiga, kifua kinatetemeka. Mimi nilikuwa naamka kabla sauti haijatoka, mama yangu mwenye masikio bado kalala. Mtoto huyo sasa ni darasa la tatu. Anasikia, na ananiambia mambo yake yote kwa mikono."

Baba akageuka kwangu, kama anayesema na wewe je.

Loyce, sikuwa nimepanga kusema nilichosema. Nilimwambia: "Baba, mimi nilikuwa nalia sana nikiwa mdogo. Wote mlikuwa mnasikia. Mlikuwa mnakuja mbio. Lakini mkifika hamkujua nataka nini, na mimi sikuwa na namna ya kuwaambia. Mtoto wangu akilia, mimi nikifika, tutaelewana."

Happiness alipomaliza kumwambia Baba, Mama alishika mtandio akafunika uso. Baba akasimama, akatoka. Nilimwona dirishani amekwenda zizini, anazunguka ng'ombe mmoja mmoja, midomo inacheza. Nikamuuliza Happiness anasema nini kule. Akanijibu, "Niko mbali, sisikii. Nisichosikia sikalimani." Nilimpenda kwa jibu hilo.

Baba aliporudi alikuwa na macho mekundu. Akasema: "Kweli. Tulikuwa hatujui anataka nini." Kisha akamwambia Happiness: "Muulize huyu binti, kwao Iguguno wanapenda ng'ombe wa namna gani?" Damari akajibu, "Mwenye maziwa, Baba." Mama akapiga vigelegele. Hata vigelegele hivyo Happiness alivikalimani.

Wametuma mshenga. Harusi ni Septemba, mwanzoni, kabla watu hawajaanza kutayarisha mashamba.

Sasa habari zako. Happiness ameniambia umeandika barua ya kuacha utarajali na hujaipeleka. Ichane. Yule mama wa Manyoni atajifungua na atakutafuta, na wako wengine wanaougulia nyumbani ambao hawajasikia kwamba upo. Wao hawana undugu na wewe, kwa hiyo watapata zima. Happiness naye anasema siku ile Mungaa ndiyo siku ya kwanza tangu mahafali aliyojisikia kwamba ana kazi. Vitambaa ataviuza siku nyingine. Amekwenda kwa padri wa hapa kuomba akalimani misa, na padri hakumuuliza kama ni muuguzi.

Yeye ndiye atakayesimama mbele siku ya harusi yetu. Tumeshakubaliana. Kwa hiyo ile blauzi yako nyeusi ya ukalimani, ya kufanya mikono ionekane, usije nayo. Hakuna atakayeangalia mikono yako. Utakaa kiti cha mbele karibu na Mama, utakula, utalia, utaongea ovyo na shangazi zako na usimtafsirie mtu yeyote neno lolote. Mkalimani ninaye. Dada wa bwana harusi ndiye bado hajafika.

Damari ameshanunua kitambaa chako. Kina maua makubwa, nimemwambia yanapiga kelele, akaniuliza nimejuaje. Tuma vipimo vyako kwa basi la kwanza.

Kaka yako,
Mathayo